La Piovra: Tamthilia Iliyomfuata Mhalifu Hadi Ofisini

La Piovra ni tamthilia ya televisheni ya Italia inayosimulia vita dhidi ya Mafia ya Sicilia na dhidi ya vigogo wa siasa, benki na serikali wanaoikingia kifua. Ilianza kurushwa Machi 1984 na shirika la utangazaji la taifa, RAI, ikaendelea kwa misimu kumi hadi 2001, jumla ya sehemu 48. Mhusika mkuu wa misimu minne ya kwanza ni Corrado Cattani, kamishna wa polisi anayehamishiwa mji mmoja wa Sicilia kushika nafasi ya mwenzake aliyeuawa. Anaanza na kesi moja ya mauaji. Kadiri anavyoichimba ndivyo anavyojikuta akipanda ngazi: kutoka kwa muuza unga wa mtaani hadi kwa bosi wa genge, kutoka kwa bosi hadi kwa wakili wake, kutoka kwa wakili hadi benki, na kutoka benki hadi kwa watu wanaokaa karibu na wenye madaraka mjini Roma.

Jina hilo kwa Kiitaliano ni pweza. Pweza hana mfupa, kwa hiyo hupenya hata kwenye mwanya mdogo. Minyiri yake minane hushika vitu vinane kwa wakati mmoja, na mnyiri mmoja ukikatwa, yeye hafi. Hivyo ndivyo tamthilia inavyoichora Mafia. Hoja inayoibeba kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho ni kwamba genge haliishi kwa bunduki peke yake. Linaishi kwa saini, vibali, mikopo na kura. Lisingekuwa na mtu wa kulifumbia macho ofisini, lingebaki kundi la wahuni ambalo polisi wangelimudu.

Sicilia iliyoizaa tamthilia hii

Mafia ya Sicilia, ambayo wanachama wake huiita Cosa Nostra, ilichipuka karne ya 19 magharibi mwa kisiwa hicho, katika mashamba makubwa na bustani za malimau na machungwa zilizouzunguka mji wa Palermo. Serikali ilikuwa mbali na dhaifu. Watu waliojiita walinzi wakawatoza wenye mashamba malipo ya kuwalinda dhidi ya hatari ambayo mara nyingi wao wenyewe ndio walioileta. Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara hiyo ilihamia mjini. Katika miaka ya 1950 na 1960 Palermo ilijengwa upya kwa pupa, nyumba za kale za fahari zikabomolewa na maghorofa ya saruji yakasimama mahali pake. Sehemu kubwa ya vibali vya ujenzi iliandikwa majina ya watu wachache tu, wengine wakiwa wastaafu ambao hawakuwa na ujuzi wala mtaji wa kujenga. Waliofaidika ni wanasiasa waliotoa vibali na wanamafia waliokuwa nyuma ya majina hayo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 fedha zilikuwa nyingi zaidi. Mofini ghafi kutoka Mashariki ililetwa Sicilia, ikasafishwa kuwa heroini katika maabara za siri, kisha ikasafirishwa kwenda Marekani. Faida yake ilihitaji benki, na benki zilihitaji watu wasiouliza maswali. Wakati huohuo kundi la wanamafia kutoka mji mdogo wa Corleone, likiongozwa na Salvatore Riina, liliamua kuwaangamiza wapinzani wake pamoja na kila mtumishi wa serikali aliyethubutu kulizuia.

Orodha ya waliouawa ni ndefu. Julai 1979 aliuawa Boris Giuliano, mkuu wa kikosi cha upelelezi cha Palermo, aliyekuwa akifuatilia masanduku ya dola na njia za heroini. Januari 1980 aliuawa Piersanti Mattarella, rais wa jimbo la Sicilia, aliyejaribu kusafisha utoaji wa zabuni za umma. Mdogo wake Sergio ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Italia mwaka 2015. Aprili 1982 ikawa zamu ya Pio La Torre, mbunge wa chama cha Kikomunisti aliyekuwa akipigania sheria mpya dhidi ya Mafia. Septemba mwaka huohuo aliuawa Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa, pamoja na mkewe, miezi michache tu baada ya kupelekwa Palermo kuwa mwakilishi wa serikali kuu. Julai 1983 gari lililotegwa bomu lilimuua Rocco Chinnici, mkuu wa majaji wa uchunguzi wa mji huo.

Huko bara nako kashfa zilikuwa zikifumuka. Machi 1981 polisi walipekua majengo ya mfanyabiashara Licio Gelli karibu na mji wa Arezzo, wakakuta orodha ya wanachama wa jumuiya ya siri iliyoitwa P2. Ilikuwa na majina zaidi ya 900: mawaziri, wabunge, majenerali, wakuu wa idara za ujasusi, wenye mabenki na wahariri. Mwaka uliofuata benki ya Ambrosiano ya Milano ilianguka, na mkuu wake, Roberto Calvi, akakutwa amening'inia chini ya daraja la Blackfriars mjini London. Mtazamaji wa Italia aliyewasha televisheni mwaka 1984 alikuwa tayari amesoma habari hizi gazetini. Tamthilia ilimpa uzi wa kuziunganisha.

Hadithi na mwendo wake

Msimu wa kwanza ulibuniwa na mtunzi mkongwe Ennio De Concini na kuongozwa na Damiano Damiani. Damiani hakuwa mgeni wa mada hiyo. Mwaka 1968 alikuwa ameigeuza kuwa filamu riwaya ya Leonardo Sciascia, Il giorno della civetta, inayomhusu kapteni wa jeshi la polisi anayegundua ukweli kuhusu mauaji ya mjenzi mmoja, kisha anauona ukweli huo ukizimwa kutoka juu. Msingi wa La Piovra ulikuwa umeshawekwa humo.

Cattani anawasili Sicilia na mkewe Mfaransa, Else, na binti yao mdogo, Paola. Ndoa yenyewe ina nyufa. Marineo, kamishna aliyemtangulia, ameuawa, na kila anayeulizwa ana jibu la kuufunga mjadala. Cattani anakutana na Titti, binti wa ukoo wa kifahari aliyezama kwenye heroini, na kupitia kwake anaanza kuelewa jinsi familia za heshima, wauza unga na wakopeshaji wa mji huo zilivyofungamana. Anayeonekana kushika kamba zote ni wakili Terrasini, mtu mpole, msomi, asiyepandisha sauti, na ambaye hakuna mahali jina lake limeandikwa.

Genge halianzi kwa kumpiga risasi kamishna. Linamteka binti yake. Sharti la kumwachia ni kwamba baba atangaze hadharani kuwa tuhuma zake hazina msingi. Cattani anakubali. Anaudanganya umma ili amwokoe mtoto, na mtoto anarudishwa akiwa amebakwa na kuvunjika roho. Haikuwa kawaida kwa tamthilia za polisi za wakati huo kumfanya shujaa ashindwe hivyo, tena ashindwe kwa kusaini uongo. Mtazamaji alielewa kwa nini watu wema hunyamaza.

Msimu wa pili, ulioongozwa na Florestano Vancini na kurushwa 1986, unampeleka Cattani hadi kwenye jumuiya ya siri ya watu wakubwa inayofanana sana na P2. Ili aiingie, inambidi ajifanye amenunulika. Njiani anaipoteza familia yake: binti na mke wote wanakufa. Msimu wa tatu, wa 1987, unahamia kaskazini, kwenye benki ya ukoo tajiri wa Milano, na kuonesha kwamba damu ya Sicilia huoshwa katika ofisi zenye mazulia za jiji ambalo Waitalia walilihesabu kuwa safi na lenye bidii. Kuanzia msimu huo Luigi Perelli akawa mwongozaji, na Sandro Petraglia na Stefano Rulli wakawa nguzo ya uandishi.

Msimu wa nne, wa 1989, ndio kilele. Cattani anashirikiana na Silvia Conti, jaji kijana asiyetikisika, dhidi ya mpango wa Mafia wa kuikamata kampuni kubwa ya bima. Mwishoni Cattani anaviziwa anapotoka hospitalini na kumiminiwa risasi hadi kufa. Usiku wa sehemu hiyo ya mwisho, Machi 1989, takriban watazamaji milioni 17 walikuwa mbele ya televisheni zao, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 57.

Kufa kwa shujaa hakukuimaliza tamthilia. Msimu wa tano ulimleta Davide Licata, askari wa zamani anayejipenyeza ndani ya familia ya kimafia akijifanya mwenzao. Msimu wa saba ulirudi kuchunguza nani hasa aliamuru Cattani auawe. Misimu ya nane na ya tisa, yenye sehemu mbili mbili, ilirudi nyuma hadi Sicilia ya miaka ya 1950 na 1960, na msimu wa kumi, wa 2001, ukafunga hesabu kati ya Silvia Conti na adui yake wa siku nyingi.

Waliobeba hadithi

Michele Placido, mzaliwa wa jimbo la Puglia, alikuwa na umri wa chini ya miaka 40 alipoanza kuigiza Cattani. Kabla ya kuwa mwigizaji alikuwa askari polisi mjini Roma. Kamishna wake ana hasira za haraka, anakosea, anaitelekeza familia kwa ajili ya kazi, na mara kadhaa anataka kuacha. Udhaifu huo ndio uliomfanya apendwe. Mitaani watu walimwita Placido kwa jina la Cattani kwa miaka mingi baada ya kamishna huyo kufa kwenye skrini.

Adui aliyekumbukwa zaidi ni Tano Cariddi, aliyeigizwa na Remo Girone. Girone mwenyewe alizaliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1948. Tano ni mtoto wa maskini aliyekuja kuzijua hesabu za mabenki kuliko mabwana waliomlea. Hacheki wala hana marafiki, na ni nadra kushika silaha. Anazungumza kwa sauti ya chini kuhusu hisa, riba na dhamana, na kila hesabu yake ina maiti upande wa pili. Kwa kumuumba Tano, waandishi walimwondoa mwanamafia kwenye picha ya mzee wa kijijini mwenye kofia na bunduki ya mitutu miwili, wakamvika suti na kumpa kiti kwenye bodi ya kampuni.

Silvia Conti, aliyeigizwa na Mfaransa Patricia Millardet, alikuwa jambo jipya kwa aina yake: jaji mwanamke anayebeba uzito wote wa vita baada ya mwanaume mkuu kuondoka, akadumu hadi msimu wa mwisho. Muziki nao ulichangia. Riz Ortolani aliutunga wa msimu wa kwanza, na kuanzia wa pili kazi hiyo ikashikwa na Ennio Morricone, ambaye midundo yake ya mashaka ilitambulika mara moja kila sehemu ilipoanza.

Fedha chafu inavyosafishwa

Nguvu kubwa ya La Piovra ni kwamba inaeleza jinsi mambo yanavyofanyika. Mtazamaji wa kawaida, asiyejua uhasibu, anaoneshwa hatua kwa hatua namna fedha ya heroini inavyogeuka kuwa fedha halali.

Hatua ya kwanza ni kuiingiza fedha taslimu katika benki ndogo ya mkoani ambayo meneja wake amewekwa mfukoni kwa hongo au kwa vitisho. Hatua ya pili ni kuizungusha: inahamishwa kwenda nchi nyingine, inarudi kama mkopo kwa kampuni ambayo ipo kwenye makaratasi tu, na kampuni hiyo inanunua hisa za kampuni ya kweli. Hatua ya tatu ni kuiwekeza mahali panapoonekana, kama majengo, bima au viwanda. Hapo ndipo mwanasiasa anahitajika, kwa kuwa zabuni za barabara, mabwawa na hospitali hutolewa na serikali. Kampuni ya genge inashinda zabuni, mwanasiasa anapata fungu lake, na uchaguzi unapofika genge linamletea kura za mitaa mizima.

Katika mnyororo huu kila mtu anaweza kujidai hana hatia. Meneja wa benki alipokea amana tu, wakili alimtetea mteja, na diwani alisaini karatasi iliyoletwa mezani. Hakuna aliyemwona maiti. Tamthilia inawaweka wote hao kwenye kisa kimoja na kuonesha kwamba risasi ya mwisho isingefyatuliwa kama mmoja wao angekataa. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na Cattani hugundua kila mara kwamba siri za uchunguzi wake zimevujishwa na mtu wa jengo lake mwenyewe.

Njia hiyo ya kusafisha fedha haikuwa ya kubuni. Mwaka 1980 jaji Giovanni Falcone, alipokabidhiwa kesi ya mjenzi Rosario Spatola mjini Palermo, aliandikia benki moja baada ya nyingine akidai kumbukumbu za hundi na ubadilishaji wa dola. Heroini, alijua, huteketea bila kuacha alama, lakini fedha huacha. Njia hiyo ya kufuata karatasi ilibadilisha kabisa upelelezi wa Mafia, na La Piovra ikaifikisha sebuleni.

Tamthilia na uhalisia vikipishana

Picha za msimu wa kwanza zilipigwa hasa Trapani, mji ulio magharibi kabisa mwa Sicilia. Januari 1983, karibu na mji huo, aliuawa mwendesha mashtaka Giangiacomo Ciaccio Montalto, aliyekuwa akichunguza uhusiano wa wafanyabiashara wa hapo na Mafia. Aprili 1985 bomu lililokusudiwa kumuua jaji Carlo Palermo lililipuka katika kitongoji cha Pizzolungo. Jaji alinusurika, lakini mama mmoja aliyekuwa akiwapeleka shule wanawe pacha alikufa pamoja nao. Mwaka 1986, muda mfupi baada ya msimu wa pili kuonesha jumuiya ya siri ya wakubwa, polisi wa Trapani walifichua kilabu ambamo kulikuwa na vyama vya siri vilivyowakusanya pamoja wanamafia, wanasiasa na watumishi wa umma.

Februari 1986 ilianza Palermo kesi iliyojulikana kama Kesi Kuu, katika ukumbi wa zege uliojengwa mahsusi kando ya gereza la Ucciardone. Washtakiwa walikuwa wapatao 475. Ushahidi mkubwa ulitolewa na Tommaso Buscetta, mwanamafia aliyeamua kusema baada ya ndugu zake wengi kuuawa na kundi la Corleone. Desemba 1987 zaidi ya washtakiwa 300 walitiwa hatiani, 19 kati yao wakifungwa maisha, na Mahakama ya juu iliithibitisha hukumu hiyo Januari 1992.

Kisasi kilifuata. Machi 1992 aliuawa Salvo Lima, mwanasiasa mkubwa wa Palermo, ambaye inaaminika Mafia ilimtarajia aizime kesi hiyo. Tarehe 23 Mei Falcone, mkewe ambaye naye alikuwa jaji, na walinzi watatu waliuawa kwa baruti iliyofukiwa chini ya barabara kuu karibu na Capaci. Siku 57 baadaye rafiki na mwenzake, Paolo Borsellino, aliuawa pamoja na walinzi wake watano mbele ya nyumba ya mama yake. Kifo cha Cattani, kilichooneshwa miaka mitatu kabla, kilionekana tena na wengi kama onyo.

Swali la vigogo nalo lilifika mahakamani. Giulio Andreotti, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mara saba, alishtakiwa kwa kushirikiana na Mafia. Mahakama ya rufani ya Palermo iliamua mwaka 2003 kwamba uhusiano wake na wanamafia hadi mwaka 1980 ulithibitika, lakini muda wa kumwadhibu kisheria ulikuwa umepita. Kwa kipindi cha baadaye aliachiwa huru. Mwaka 2004 mahakama ya juu iliuacha uamuzi huo kama ulivyo.

Sifa na lawama

La Piovra iliuzwa katika nchi nyingi. Katika Umoja wa Kisovyeti na Bulgaria ilipendwa sana, na jina la Cattani likawa maarufu. Nchi hizo zilikuwa zikitoka kwenye mfumo ambao haukuruhusu kusema kwamba mkubwa wa serikali anaweza kuwa mhalifu, na hapa palikuwa na tamthilia nzima inayosema hivyo wazi.

Nyumbani sifa zilichanganyika na hasira. Wanasiasa wa chama kilichotawala, Christian Democrats, waliilalamikia RAI kwa kutumia fedha za umma kuuchora utawala kama mshirika wa wahalifu. Baadhi ya Wasicilia walichoka kuona kisiwa chao kikitajwa kwa mauaji peke yake. Miaka minane baada ya msimu wa mwisho, 2009, Silvio Berlusconi akiwa waziri mkuu alisema kwa kejeli kwamba angewanyonga waliotengeneza La Piovra na wanaoandika vitabu vya Mafia, kwa madai kuwa wanaiharibia Italia jina.

Lawama nzito zaidi ni za wanaoijua Mafia kwa undani. Kwanza, tamthilia inamtegemea mtu mmoja jasiri. Palermo ilijifunza kinyume chake. Chinnici, na baada yake Antonino Caponnetto, waliunda timu ya majaji walioshirikishana kila jalada, ili kumuua mmoja kusiue kesi. Bila timu hiyo Kesi Kuu isingesimama.

Pili, tamthilia hupenda kumweka juu kabisa ya ngazi bwana mmoja wa siri anayeamuru kila kitu. Falcone alilikataa wazo hilo waziwazi. Kwa maelezo yake, hakuna ngazi ya wakubwa wanaoiongoza Mafia kwa rimoti. Mafia hujiongoza yenyewe na hupatana na wanasiasa pale maslahi yanapokutana, huku kila upande ukimtumia mwenzake. Tofauti hii ni muhimu kwa wapelelezi. Anayemsaka bwana mkubwa asiyekuwepo hupoteza miaka, ilhali maelfu ya mapatano madogo, kibali hapa na mkopo pale, yanaendelea mbele yake.

Tatu, waovu wa La Piovra wana mvuto. Tano Cariddi alipata mashabiki wake, na hatari ya kumpamba mhalifu imekuwa ikitajwa kila tamthilia mpya ya uhalifu inapotoka Italia. Hata hivyo waandishi hawakumwonesha akifaidi. Fedha zake hazimnunulii usingizi wala familia, na kila mshirika wake hugeuka kuwa tishio.

Sheria zilizofuata

Tamthilia haikuishinda Mafia, na haingeweza. Kilichoitikisa ni sheria na watu walioitekeleza. Siku chache baada ya kuuawa kwa Dalla Chiesa, Septemba 1982, bunge lilipitisha sheria iliyopewa majina ya Pio La Torre na waziri Virginio Rognoni. Sheria hiyo iliufanya uanachama wa Mafia wenyewe kuwa kosa, ikataja wazi kwamba genge la aina hiyo hutumia vitisho na kanuni ya ukimya kudhibiti biashara, vibali na zabuni za umma, na ikaruhusu mali zisizoelezeka kutaifishwa. Mwaka 1991 kikaundwa chombo maalumu cha upelelezi dhidi ya Mafia na kukawekwa utaratibu wa kuwalinda mashahidi waliotoka ndani ya magenge. Mwaka 1992 masharti makali ya kifungo yakapanuliwa yawabane mabosi waliozoea kutoa amri wakiwa gerezani.

Riina alikamatwa Januari 1993, Bernardo Provenzano aliyemrithi akakamatwa Aprili 2006 baada ya kujificha miaka zaidi ya 40, na Matteo Messina Denaro, mzaliwa wa mkoa huohuo wa Trapani, akakamatwa Januari 2023 akiwa kliniki Palermo. Mwaka 1996, baada ya shirika la kiraia la Libera kukusanya sahihi zaidi ya milioni moja, Italia ilipitisha sheria inayoelekeza mashamba na nyumba zilizotaifishwa zitumike kwa manufaa ya jamii. Leo kuna vyama vya ushirika vinavyolima ngano na zabibu kwenye ardhi iliyokuwa ya mabosi.

Desemba 2000 nchi za dunia zilikutana Palermo kutia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa wanachama wake. Mkataba huo unazitaka nchi ziyahesabu mambo manne kuwa makosa ya jinai: kujiunga na genge la uhalifu, kutakatisha fedha, rushwa ya watumishi wa umma, na kuzuia haki isitendeke. Ndiyo mambo manne ambayo Cattani alipambana nayo, na hayatenganishwi katika mkataba kama yasivyotenganishwa katika tamthilia. Nchi inayowakamata wauza unga ikawaacha watia saini imekamata nusu tu ya genge, tena nusu iliyo rahisi kupatiwa wengine wa kuziba nafasi zao.